Transfa inavuja? Usikimbilie sili

Mvua zikishakolea huku nyanda za juu, maswali yote yanahamia chini ya gari. Wiki hii nimechambua ya transfa, lile boksi la nyuma ya giaboksi linalogawa nguvu kwenda mbele na nyuma kwenye gari la fowili, yaani la kuvuta kwa magurudumu yote manne.

Fundi, oili nzuri ya transfa ni ipi? (Mwanjelwa)

Ya gari gani? Swali hili haliishi kuja, na gari halitajwi. Land Cruiser za injini ya 1HZ na Hilux za gia za mkono zinatumia oili ya gia, 75W-90. Magari mengine, hasa yenye mnyororo ndani ya transfa, yanataka ATF, oili ya giaboksi za otomatiki, ile nyekundu. Ukizichanganya umejitafutia gharama. Fuata kitabu cha gari. Hata kikiwa cha Kijapani, namba za oili zinasomeka. Na hiyo ya kupimiwa kwenye chupa ya maji, sitaki hata kuisikia.

Shikamoo fundi. Nabeba viazi kutoka Kikondo na Hilux. Sili ya nyuma ya transfa nimebadilisha mara tatu tangu mvua zianze na bado inavuja. Sili za siku hizi ni feki? (Uyole)

Marahaba. Sili, ule mpira unaozuia oili isitoke pembeni ya shafti, feki zipo, lakini tatu mfululizo? Hapo kuna kinachoziua.

Anza na breza, kile kitundu cha kupumulia juu ya transfa. Oili ikipata moto, hewa ndani inatanuka na inatafuta pa kutokea. Breza ikizibwa na tope la Kikondo, hewa inatokea kwenye mdomo wa sili, na oili inaifuata. Unaweza kufunga sili ya bei mbaya kuliko zote na itavuja tu.

Breza ikiwa safi, shika propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli, karibu na transfa, itikise juu na chini. Ikicheza, beringi imekwisha, na sili haiwezi kubana kitu kinachoyumba. Kagua na krosi, viungo vya propela, maana mtikisiko wake unaishia hapo hapo. Ukivua flenji, kile kisahani kinachounga propela na transfa, pitisha ukucha pale sili inapokaa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, flenji imelika: nunua nyingine au ivalishe bushi nyembamba ya chuma. Wapo mafundi wanaosugua msasa na kukurudishia. Wakatalie.

Sili mpya ipakwe grisi mdomoni, upande wenye springi uelekee kwenye oili, isukumwe sawasawa pande zote. Ukiona fundi anaigonga na bisibisi upande mmoja, mwambie aache.

Kingine: oili inatakiwa ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia, gari likiwa tambarare. Gereji zetu nyingi ziko mteremkoni. Gari likiinama, kipimo hicho kinakudanganya, na ikizidi nayo inatafuta njia. Na hizo lumbesa punguza, kaka.

Defender yangu handbreki haishiki. Fundi anasema ninunue viatu vya breki. (Tukuyu)

Usinunue bado. Kwenye Defender za zamani handbreki haiko kwenye magurudumu, iko kwenye dramu nyuma ya transfa, kwenye propela. Sili ikivuja, oili inaingia humo na kulowesha viatu. Ukifunga vipya bila kugusa sili, navyo vitalowa. Sili kwanza, safisha dramu, ndipo viatu.

Hukuuliza, ila nitasema: usiinue gurudumu moja la nyuma na jeki kwa kutegemea handbreki hiyo. Propela itakuwa imefungwa, lakini difu, zile gia za katikati ya ekseli, itaruhusu gurudumu lililo chini lizunguke, na gari litakudondokea. Weka jiwe kwenye magurudumu. Ukimaliza, liondoe barabarani. Mawe mnayoyaacha milimani huko yameshaumiza watu.

Siweki fowili kabisa. Oili ya transfa nibadilishe ya nini? (Iringa mjini)

Kwa sababu hata ukiwa kwenye 2H, yaani unaendesha kwa magurudumu mawili, nguvu ya kwenda nyuma inapita humo humo. Na uiweke: Toyota wenyewe wanataka angalau kilomita 16 kila mwezi. Fanyia kwenye vumbi, siyo kwenye lami kavu.

Nilivuka maji Mbarali, sasa oili imekuwa kama chai ya maziwa. Nisubiri sevisi? (Rujewa)

Usisubiri hata kesho. Hayo ni maji. Transfa ya moto ikizama kwenye maji baridi, hewa ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia breza au sili iliyochoka. Mwaga, weka oili ya bei nafuu ya aina ile ile, tembea kidogo, mwaga tena, ndipo uweke nzuri. Fungua na difu zote mbili na giaboksi. Kisha pandisha mpira wa breza hadi juu kwenye injini.

Oili ya transfa inapungua lakini chini pakavu kabisa. Inakwenda wapi? (Makambako)

Pima giaboksi. Kwenye Land Cruiser nyingi, sili iliyo katikati ya viwili hivyo ikichoka, oili inahama: huku inapungua, kule inazidi. Ni kazi ya kushusha transfa, kwa hiyo jiandae. Na siku ya kumwaga, legeza nati ya kujazia kabla ya ile ya chini. Ya juu ikigoma wakati oili yote iko kwenye beseni, gari halitoki hapo.