Fundi aliniuliza pikseli ngapi, nikabaki namtazama

Bango la kwanza kutengeneza maishani mwangu lilikuwa la mdahalo wa kikundi chetu cha wanafunzi. Kwenye skrini lilipendeza mno. Nilikesha usiku mbili nikiweka vivuli kwenye herufi na mng'aro pembeni, na katikati nikabandika picha ya kipaza sauti niliyoipakua mtandaoni. Lilipotoka kwenye mashine likiwa karatasi ya A3, kingo za kipaza sauti zilikuwa ngazi-ngazi, na maandishi madogo kama yameandikwa kwa kalamu inayovuja. Nikamjia juu fundi wa mashine. Akaniacha nimalize, kisha akauliza: "Faili lako lina pikseli ngapi?"

Sikujua. Tulipoangalia pikseli hizo, yaani vimiraba vidogo vya rangi vinavyoiunda picha, zilikuwa 600 kwa 850. A3 ina upana wa inchi 11.7 hivi, kwa hiyo kila inchi ya bango langu iliambulia pikseli kama 51. Kazi ya kuchapwa itakayotazamwa kwa karibu kwa kawaida huhitaji 300 kwa inchi, yaani 3508 kwa 4961 kwa karatasi ile. Na pikseli ambazo hazikuwapo hazirudishwi na kitufe chochote. Ukiikuza picha, programu inakisia rangi za kuziba mapengo. Siku hizi akili bandia inakisia vizuri zaidi, ila ni kukisia vilevile. Ipe sura ndogo ya shangazi yako iikuze, uone kama hutaletewa shangazi wa mtu mwingine.

Ndiyo maana mwanafunzi anayeniuliza aanzie wapi kujifunza kuhariri picha kwenye kompyuta huwa namwambia aziache filta kwanza. Fungua picha yoyote, ikuze hadi asilimia 1600, uitazame. Utaona miraba tu. Kila mraba ni namba tatu: nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Ukizidisha 256 kwa 256 kwa 256 unapata rangi 16,777,216, na hizo ndizo zote ulizo nazo kwenye picha ya kawaida. Mwaka 1957, Russell Kirsch na wenzake huko Marekani waliingiza picha ya mtoto wake mchanga kwenye kompyuta ikiwa na miraba 176 kwa 176, isiyofika hata elfu 31 kwa jumla. Simu yako inapiga mamilioni, lakini kanuni ni ileile: picha ni jedwali la namba, na kila unachokifanya kwenye programu ni kuzibadilisha namba hizo.

Ukishalikubali hilo, mengi yanajieleza yenyewe. Kuongeza mwanga ni kupandisha namba. Namba ikigota 255 haipandi tena, na ndipo mawingu yanapogeuka karatasi nyeupe isiyo na umbo. Jaribu pia kuandika 255, 255, 0 kwenye kichagua rangi: nyekundu na kijani vinakupa njano. Mimi niliyekulia kwenye rangi za maji nilidhani programu imeharibika. Kumbe skrini inachanganya mwanga, si wino. Mashine ya kuchapa inachanganya wino, na ndiyo sababu ile kijani inayowaka kwenye skrini hufika kwenye karatasi imepoa.

Kosa langu la pili lilichukua muda mrefu zaidi kuligundua. Nilikuwa nahifadhi kazi kama JPEG, aina ya faili la picha iliyobanwa, naifungua kesho, narekebisha, nahifadhi tena. JPEG hupunguza ukubwa wa faili kwa kuigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa undani ambao jicho halitaukosa sana. Kila unaporekebisha na kuhifadhi upya, inatupa tena. Ikuze herufi nyeusi kwenye usuli mweupe baada ya mizunguko kadhaa: utaona vumbi la kijivu limeizunguka kama nzi. Hifadhi kazi yako katika faili la programu yenyewe, XCF kwa GIMP au PSD kwa Photoshop, na JPEG iwe nakala ya kutuma tu. Chenye maandishi makali au usuli unaopitisha mwanga, kitoe kama PNG.

Kuhusu programu yenyewe, usigombane na mtu. GIMP ni ya bure, ilianzishwa na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha California, Berkeley, na inatosha kabisa kujifunzia. Krita ni nzuri kwa wachoraji. Anayekwambia huwezi kuanza bila programu ya kulipia, muombe akuonyeshe kazi zake.

Kitu ambacho ningetamani mtu angenikalisha chini anifundishe ni maski. Kwa miezi nilikuwa nakata usuli wa picha kwa kifutio. Nikikosea sikio la mtu, sikio limekwenda. Nikilikumbuka baada ya hatua hamsini, siwezi kulirudia. Maski ni picha ya kijivu iliyobandikwa juu ya leya, yaani tabaka moja la picha: palipo peupe leya inaonekana, palipo peusi inajificha, kijivu ni nusunusu. Hufuti chochote. Umekosea sikio? Chukua brashi nyeupe, pakaza, sikio hilo limerudi. Tumia brashi yenye kingo laini kwenye nywele na ngumu kwenye mabega, la sivyo mtu ataonekana amekatwa kwa mkasi. Zoezi la jioni moja: chukua picha ya mtu mwenye nywele zilizotimka, mtoe kwenye usuli kwa maski peke yake, bila kugusa kifutio. Itakuudhi. Rudia kesho yake.

Nembo ni habari nyingine kabisa. Usiichore kwa pikseli. Ichore kwa vekta, ambako mstari unatunzwa kama hesabu ya nukta na mikunjo, kwa hiyo unaweza kuikuza hadi ukuta mzima bila ngazi-ngazi. Inkscape, programu ya kuchorea vekta, ni ya bure pia. Zana ya kalamu itakutesa wiki ya kwanza kwa sababu kila anayeanza huweka nukta nyingi mno. Kipaza sauti kile cha bango nilikichora upya huko: jaribio la kwanza nukta 64, kimejaa mabonde. La nne lilikuwa na nukta 11, na fundi yuleyule alikichapa bila kuniuliza chochote.