Monada yangu na taa ya mlango wa jikoni

Kama umeona picha za monada mtandaoni, lile ua jekundu lililotimka kama nywele za mtoto aliyetoka kulala, na sasa unataka kulipanda hapa Mbeya, subiri nikusimulie kwanza. Mimi lilinizungusha miaka miwili nzima.

Mbegu aliniletea wifi yangu kutoka Marekani, pamoja na makaratasi yake ya kibali na cheti cha afya ya mimea. (Usimwombe mtu akufichie mbegu kwenye soksi, tafadhali.) Ni ndogo sana, na zinataka mwanga ili ziote, kwa hiyo nilizimwaga juu ya udongo laini bila kuzifukia. Zikaota. Nikabaki na mashina matatu: moja getini, moja kwenye uzio wa nyuma, la tatu chini ya ukuta wa jiko. Baridi ya Juni ya hapa Uyole haikuyatikisa. Huko kwao hulala chini ya theluji na kuchipua tena.

Monada ni ndugu wa mnanaa na kivumbasi. Papasa shina lake utahisi pembe nne. Basi ikatambaa kama mnanaa unavyotambaa, majani yakajaa, maua hakuna hata moja. Nikaona labda ina njaa, nikaongeza samadi. Hapo ndipo nilipoharibu. Majani yakazidi, yakabanana, na mvua zilipokatika ukaingia ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe juu ya majani, bustani ikawa kama mtu kaimwagia sembe. Jirani akachungulia juu ya uzio: "Mwalimu, hayo magugu unayamwagilia ya nini?" Nikajifanya sijasikia.

Mwaka wa pili, asubuhi moja natoka kumwaga maji ya vyombo, naona shina la jikoni lina vichwa vyekundu. Lakini upande mmoja tu! Ni upande ule unaopigwa na taa ya ulinzi iliyo juu ya mlango, ambayo huwaka tangu magharibi hadi alfajiri. Upande uliokingwa na tenki la maji ulikuwa majani matupu.

Nilisimama pale na beseni mkononi mpaka uji ukafurika jikoni.

Kumbe monada huhesabu urefu wa usiku. Asili yake ni mashariki ya Marekani ya Kaskazini, ambako mwezi Juni, maeneo kama Oswego katika jimbo la New York, mchana hupita saa 15. Usiku ukiwa mfupi, mmea unajua wakati wa kuchanua umefika. Sisi huku mchana wa Desemba hauuzidi wa Juni hata kwa saa moja na nusu, kwa hiyo inakaa inangoja kiangazi kisichofika. Wakulima wa maua ya kuuza wanaijua sana hii, ndiyo maana utaona baadhi ya mashamba yao yanawaka taa usiku.

Nikajaribu getini. Nilitundika balbu ya wati 9 kwenye mti, kama mita moja na nusu juu ya majani, nikawa naiwasha saa nne usiku hadi saa nane, kwa kuukata usiku katikati. Mzee wa nyumba akalalamika kwamba sasa maua nayo yanakula LUKU. Nikampigia hesabu: ni uniti moja na kidogo kwa mwezi. Wiki ya tisa vichwa vikatokea. Lile la uzio wa nyuma, gizani, mpaka leo halijatoa ua.

Kuhusu ubwiri, dawa yangu ni nafasi. Acha sentimita 50 kati ya shina na shina, na machipukizi yakiwa urefu wa kiganja, ng'oa theluthi yake bila huruma. Mwagilia asubuhi, chini kwenye mizizi, na tandaza mabua ya mahindi, kwa sababu mizizi ikikauka ule Agosti wenye upepo, ubwiri hauchelewi. Wenzangu wa Tukuyu, kwa unyevu wenu huo, achieni nafasi kubwa zaidi. Samadi kidogo mara moja kwa mwaka inatosha.

Kila baada ya miaka miwili au mitatu katikati ya shina hufa, pembeni pakabaki hai. Novemba, mvua zikianza, ling'oe lote, lipasue kwa panga, tupa kiini, panda vipande vya pembeni.

Kama huna umeme wa kuchezea, bado kuna majani. Wenyeji wa huko Oswego waliyanywa kama chai tangu zamani, na mimi huyatia kwenye chai ya rangi. Yananukia kama chungwa lililokutana na mnanaa. Na kama unachotaka ni nyuki na ndege chozi, wala usihangaike na wageni: yale maua ya rangi ya chungwa yanayopanda bua kwa mafungu ya mviringo yenye miiba, tunayoyafyeka kila siku kando ya mashamba, ni ya ukoo huohuo, na chozi hawaondoki hapo.

Jirani yule wa magugu ameomba kipande. Nimempa, ila nimemwambia kwanza ahamishe banda la kuku, linaziba taa.