Usikimbilie rukuu

Waalaikumu salaam ndugu yangu. Umeuliza kama inafaa kukimbia ukimkuta imamu ameshainama kwenye rukuu. Hapana, usikimbie. Mtume (s.a.w.) ametufundisha tuiendee swala kwa utulivu: tutakachokidiriki tuswali, kilichotupita tukikamilishe. Ukiingia msikitini, tanguliza mguu wa kulia, sema "Allahumma iftah lii abwaaba rahmatik", kisha ingia safuni. Takbira ya kuhirimia, yaani "Allahu Akbar" ya kufungulia swala, ipige ukiwa umesimama wima, ndipo urukuu; wengi hukosea hapa kwa haraka, wakaitamka huku wanainama. Ukimdiriki imamu kwenye rukuu kabla hajainuka, kwa wanazuoni walio wengi umeipata rakaa hiyo. Rakaa mbili za tahiyatul masjid, yaani za kuamkia msikiti, ni za aliyewahi kabla ya kukimiwa, yaani kabla ya kutangazwa kuwa swala inaanza. Na simu, tafadhali, izime ukiwa bado mlangoni.