Barua Kutoka Bama: Maswali ya Mchezo wa Redio

SWALI: Shikamooni wahariri. Naandika mchezo wa redio wa dakika 30. Binti wa Songea amechumbiwa na askari wa keya (jeshi la Waingereza la Waafrika, KAR) aliyepelekwa Bama (leo Myanmar) mwaka 1944. Wanaandikiana kila wiki, kisha binti anapigiwa simu kwamba mchumba amefariki, na mwisho analia kaburini. Waliousoma wanasema hauwagusi. Kosa liko wapi?
Msomaji, Songea

JIBU: Marahaba. Umewapa wapenzi wako habari za upesi mno. Vita ile, Vita Kuu ya Pili ya Dunia, iliwatesa waliobaki nyumbani kwa kimya chake.

Anza na barua. Askari wengi hawakujua kuandika. Alimwendea mwenzake anayejua, mkaguzi wa jeshi akaipitia na kufuta majina ya mahali, ikasafiri majuma kadhaa, na kijijini ikasomwa na mwalimu huku mama mkwe ameketi hapo hapo. Neno la mapenzi lilipita mikononi mwa watu watatu kabla ya kumfikia mwenyewe, na hapo ndipo penye mchezo wako. Mpe askari barua ya kawaida: “Ama baada ya salamu, mimi ni mzima, hofu ni kwako. Je, ule mwembe umeshazaa?” Kama onyesho la kwanza limetuonyesha wakiagana chini ya mwembe ule, mwalimu aulize tu, “Mwembe gani?” Binti anyamaze sekunde 3. Wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana. Hii inasomwa kwa sauti ya mtu mwingine.

Barua 3 zatosha. Kila moja isizidi maneno 70, maana ikirefuka msikilizaji husahau nani anasema. Ya tatu ifike baada ya habari ya kifo.

Simu iondoe. Habari ilipitia ofisi ya DC (mkuu wa wilaya), kule kule ambako jamaa walifuata sehemu ya mshahara aliyowaachia askari. Mama wa askari aende kuchukua pesa, arudi na habari. Binti hajaolewa, jina lake halimo kwenye karatasi yoyote. Atasikia kwa mama mkwe au asisikie kabisa.

Kaburi nalo halipo Songea. Waliokufa katika bonde la Kabaw, huko Bama, hawakurudishwa nyumbani. Na ukimweka katika meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini, Mombasa, na kuzamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944, hatafika Bama wala hatakuwa na kaburi: waliopotea humo wanakumbukwa kwenye mnara ulio Nairobi.

Jambo la sauti: Agosti ni mvua kubwa Kabaw, Songea ni kiangazi. Ukiipiga mvua ya Agosti, msikilizaji anajua yuko wapi bila kuambiwa. Ukiichanganya, wazee wa Songea watakugundua mara moja.

SWALI: Matumaini niyaweke wapi kama mchumba hafufuki?

JIBU: Wajapani walisalimu amri Agosti 1945, lakini meli zilikuwa chache na askari wengi walirudi 1946. Mlete kwa lori yule mwenzake aliyekuwa akiandika barua. Msiwaoze, tafadhali; ni mapema mno. Binti amtambue kwa maneno yake. Naye mwandishi huyo aulize, “Mwembe je?”

“Umezaa.”