Jasho, miwani na leza

Mdogo wangu, umeuliza kama uache miwani yako ya namba -4 (ya kutoona mbali) uvae lenzi za machoni au ukapigwe leza, maana jasho la Tanga limekuchosha. Nakuelewa. Mimi ni -5.5, na nikitoka Ngamiani kwa baiskeli saa saba mchana, miwani hushuka mpaka ncha ya pua. Kidole kimoja kazi yake kuipandisha tu.

Lenzi nilivaa miaka miwili. Raha kweli, unaona hadi pembeni. Ila zinataka adabu: mikono inawe kwa sabuni na ikauke, lenzi zisafishwe kwa dawa yake, si maji ya bomba wala mate (ndiyo, nimeshamwona mtu). Kuogelea nazo Raskazoni, hapana. Majini kuna vijidudu viitwavyo akanthamiba, vinaweza kula konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, mpaka upofu. Mimi nililala nazo usiku mmoja baada ya harusi, nikaamka jicho jekundu kama pilipili. Nikarudi kwenye miwani.

Leza inachonga konea, na kilichochongwa hakirudi. Umesema una miaka 19 na namba imepanda mwaka huu, basi subiri itulie walau mwaka mzima. Na ukishapita arobaini, miwani ya kusomea utaihitaji vilevile.

Kwa sasa tafuta fremu nyepesi, kisha mwambie fundi aipashe moto kidogo aikunje mikono ya fremu nyuma ya masikio. Dakika tano tu.