Kwa mteuzi mpya: mpime mrushaji wa kasi akiwa amechoka

Ukiitwa mara ya kwanza kusaidia kuteua kikosi cha kriketi, macho yatavutwa na kijana anayerusha kwa kasi kuliko wenzake kwenye neti za mazoezi. Usiandike jina lake bado. Kwenye neti pumzi iko, mpira ni mpya, na mara nyingi hakuna anayehesabu noboli, yaani mipira isiyo halali, kama ile ya mrushaji aliyevuka mstari.

Kenya sasa hucheza sana T20, kriketi fupi ya ova 20 kwa kila timu, ambako mrushaji hapewi zaidi ya ova 4; ova ni mipira halali 6, kwa hiyo jumla ni 24. Wa kasi mara nyingi hutupa ova 2 mwanzoni na 2 mwishoni, kwa hiyo mpime hivyohivyo. Weka alama mita 6 na mita 8 kutoka wiketi za mpigaji. Arushe mipira 12, uhesabu iliyotua katikati ya alama hizo. Kisha mpeleke ukingoni mwa uwanja akimbize mipira kwa dakika 40, ndipo arudi na mpira uliochakaa arushe 12 mingine: yoka, yaani mipira inayotua kwenye miguu ya mpigaji, akichanganya na mipira ya polepole. Mimi hutaka mipira 8 ifike inapotakiwa katika awamu ya kwanza na 6 katika ya pili. Mtu mmoja akae sambamba na mstari wa mrushaji aangalie mguu wake wa mbele tu. Aliyechoka huweza kuvuka mstari, na noboli ya ova ya 19 huwapa wapinzani mkwaju wa bure, yaani mpira unaofuata ambao mpigaji hawezi kutolewa kwa njia za kawaida.

Huna rada? Simu inatosha. Rekodi kutoka pembeni kwa picha 240 kwa sekunde, uhesabu picha tangu mpira uache mkono hadi ufike kwa mpigaji, umbali wa kama mita 17.7. Picha 120 ni nusu sekunde, karibu kilomita 127 kwa saa. Huo ni wastani. Rada husoma mpira ukitoka mkononi, kabla hewa na ardhi hazijaupunguza, kwa hiyo usiulinganishe na namba za runinga. Linganisha vijana wako wao kwa wao.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi haipindi mpira sana, na mkwaju huenda mbali. Oktoba 1996, pale uwanja wa Gymkhana jijini, Shahid Afridi wa Pakistan alifikisha mikimbio mia kwa mipira 37 dhidi ya Sri Lanka, akipiga mara 11 mikwaju ya sita, ile inayovuka mpaka bila kugusa ardhi. Anayetegemea kupinda mpira hewani peke yake atateseka hapa. Mtafute anayeutua mpira kwenye mshono wake ili ubadili mwelekeo ukigusa ardhi, au anayebadili kasi bila kubadili mkono.

Mgongo ndio unaoniumiza roho zaidi, kwa sababu tunapoteza vijana wazuri wakiwa bado shuleni. Mrekodi kutoka nyuma. Mguu wa nyuma unapotua, nyonga na mabega yaelekee upande mmoja. Nyonga zikitazama mbele huku mabega yakiwa ubavu, au kinyume chake, uti wa kiuno hujisokota kila mpira, na mifupa hupata nyufa. Huyo usimwache, mpe kocha miezi kadhaa.

Wa miaka 15 asipite ova 6 mfululizo, hata akisema yuko sawa. Uliza pia shule na klabu yake zimemtumia ova ngapi wiki hiyo, maana kila kocha huhesabu zake tu.