Pembe zikiwa sawa si lazima pande ziwe sawa
Hapana mdogo wangu, umeuliza kama poligoni (umbo lililofungwa lenye pande zilizonyooka) ikiwa na pembe zote sawa basi na pande zake lazima zilingane, jibu ni hapana, hiyo ni kwa pembetatu tu. Angalia kanga, kona zote 4 ni nyuzi 90 lakini urefu na upana wapi na wapi, ule ni mstatili, pembe sawa pande tofauti. Sasa geuza: chukua vipande 4 vya mbao vya urefu mmoja, gonga msumari mmoja mmoja kila kona halafu sukuma kwa ubavu, utaona fremu inalala, pande bado zile zile ila pembe 2 zimebana na 2 zimefunguka, hapo una rombasi. Fanya hivyo na mbao 3 uone, haisogei ng'o, ndo maana kwenye pembetatu pande zikilingana na pembe zinalingana.

Poligoni ya kuitwa regula ni lazima iwe na vyote viwili, pande sawa na pembe sawa. Sisi wa Tanga baiskeli tunazo, basi cheki nati ya gurudumu la nyuma: pande 6 sawa, na kila pembe (6-2)×180÷6 yaani 120, ndo maana spana ukiitoa ukazungusha nyuzi 60 inaingia tena bila shida. Mtihani wanapenda kutega hapo kwenye mstatili na rombasi, wengi wanaandika regula fasta fasta.